Samaki simba akae na nani? Wala nyama wa bahari kwenye tangi la Mwanza

Anayetaka kufuga samaki wa bahari huku Kanda ya Ziwa huanza kwa kuuliza: samaki simba ni mkali? Si mkali, na hapo ndipo watu wanapopotea. Samaki simba hafukuzi mwenzake, hagombani, wala halindi kona yake. Anaelea taratibu, mapezi ya ubavuni yametandazwa ili kumziba njia mlengwa, anasogea sentimita moja, nyingine, kisha mdomo unafunguka na aliyekuwa mbele yake hayupo tena. Yote hayo yanapita kabla hujapepesa jicho. Kwake hapakuwa na ugomvi, palikuwa na chakula.

Ndiyo maana kuwagawa samaki kuwa "wapole" na "wakali" hakusaidii kitu kwenye tangi la wala nyama. Kikande, samaki wa miambani mwenye meno ya kung'ata, ni mkorofi wa kutupwa, lakini hawezi kummeza kangaja (samaki bapa mwenye kisu mkiani) wa ukubwa wake. Chewa mtulivu anayeshinda pangoni anaweza. Mwenza achaguliwe kwa kuangalia mdomo wa anayewinda, meno ya atakayekaa naye, na hewa iliyomo kwenye maji. Hilo la mwisho mfugaji wa Dar anaweza kulipuuza kidogo. Wa Mwanza hawezi.

Tuanze na mdomo. Habari za mdomo mkubwa mtu wa Mwanza haelezwi, sangara alishatuonyesha kwa furu. Samaki simba wa pwani yetu, Pterois miles, hufika sentimita 30 na zaidi, na humeza samaki anayezidi nusu ya urefu wake. Kwa hiyo usipime urefu wa mwenza peke yake. Pima kimo chake, kutoka tumboni hadi mgongoni. Kangaja na kitatange wana miili iliyoinuka, hawapiti mdomoni kirahisi. Samaki mwembamba mrefu, hata akiwa na sentimita 12, anakunjwa na kumezwa. Mimi hutumia kipimo hiki: mwenza asipungue theluthi mbili za urefu wa mwindaji, na awe na mwili wa kimo. Akikosa kimoja kati ya hivyo viwili, asiingie.

Na kipimo hicho kifanywe kwa ukubwa wa mwakani, si wa leo. Samaki simba anayeuzwa akiwa na sentimita 6 huweza kupita 20 ndani ya mwaka mmoja hivi akila vizuri, wakati kitatange uliyemnunua naye siku moja bado yuko nyuma. Wengi hulalamika kwamba samaki "wamekaa vizuri miezi minane, ghafla mmoja kapotea". Hakuna ghafla hapo, mdomo ulikuwa unakua. Ubaya mwingine ni mwindaji kumvaa samaki mwenye miiba, mathalani kangaja mwenye kisu chake kwenye shina la mkia. Anakwama kooni, na asubuhi unawatoa wote wawili wamekufa.

Sasa meno, maana huyu mwenye mdomo mkubwa naye ni mnyonge. Samaki simba ni mzito wa kugeuka, na mapezi yake marefu yanamshawishi kila mwenye tabia ya kudonoa. Ana sumu kwenye miiba 13 ya mgongoni, miwili ya tumboni na mitatu ya pezi la chini karibu na mkia, lakini kikande hajali. Anadonoa ncha za mapezi kipande kwa kipande, samaki simba anaacha kula, vidonda vinashika bakteria, baada ya wiki mbili huna samaki. Balistapus undulatus, yule wa mistari ya rangi ya chungwa, na Balistoides conspicillum wa madoa meupe tumboni, hao wasahau kabisa. Ukishindwa kujizuia na ukataka kikande, mtafute Odonus niger, ambaye kwa asili hula vijidudu vinavyoelea majini na mdomo wake haujazoea sana kung'ata. Hata huyo aingie wa mwisho, na uwe na mahali pa kumpeleka.

Bunju, samaki anayejivimbisha, ana uso wa huruma, watu humpenda, anakuja kiooni kukutazama. Lakini meno yake yanaota maisha yote, anahitaji kuvunja makombe na kaa ili yasirefuke kupita kiasi, na siku asipopata hivyo atajaribu pezi la jirani. Kwa samaki simba, simshauri.

Mikunga, samaki warefu kama nyoka, imegawanyika makundi mawili na wauzaji wengi hawakwambii. Tazama meno. Mkunga wa madoa, Echidna nebulosa, ana meno butu ya kusaga kaa na kamba. Samaki mkubwa hamsumbui. Tangini hufika sentimita 60 au 70, na ndiye mwenza mzuri kuliko wote wa samaki simba. Wale wa jamii ya Gymnothorax wenye meno ya sindano ni wala samaki, na mmoja wao, Gymnothorax javanicus, hukua hadi mita tatu. Akiuzwa mdogo kama mkanda wa suruali usidanganyike.

Hata huyo wa meno butu ana kasoro moja: haoni vizuri, anawinda kwa pua. Kipande cha kamba kikigusa maji, kichwa kinatoka pangoni, kinayumba kushoto na kulia mdomo wazi, na chochote chenye harufu ya kamba kinang'atwa, liwe pezi au kidole. Dawa yake ni kumlisha yeye kwanza, kwa koleo refu la plastiki la sentimita 40, kwenye pembe ileile kila siku. Akiwa anameza, ndipo unakwenda upande wa pili kumlisha samaki simba. Pia ziba kila tundu la mfuniko, hata la waya. Mkunga hupita penye upana wa kichwa chake, na utamkuta sakafuni amekauka.

Chewa mwekundu wa madoa ya bluu, Cephalopholis miniata, anafaa akiwa sawa na samaki simba kwa ukubwa, ila ni mwepesi zaidi na atamaliza chakula chote. Pweza hakai na mtu: ama atakula, ama ataliwa. Samaki-chura wa jamii ya Antennarius naye akae peke yake, kwa sababu anameza samaki wa urefu wake mwenyewe. Kamba wasafishaji, kaa wadogo, hao kwenye tangi hili ni kitoweo tu.

Twende kwenye hewa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya nyuzi 26 kule pwani hubeba kama miligramu 8.1 za oksijeni kwa lita. Ukiyatia chumvi kufikia gramu 35 kwa lita yanabeba kama 6.6. Ukiyaleta kwenye mwinuko wetu yanabaki karibu 5.8, na hiyo ni pale ambapo uso wa maji unachafuka vizuri. Mla nyama mkubwa akishiba hutumia oksijeni nyingi kwa saa kadhaa akisaga chakula, na ndani ya saa hizo hizo anatoa amonia, ambayo kwenye maji ya bahari yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8.2 inaua upesi kuliko kwenye maji baridi. Umeme ukikatika usiku huo, anayeanza kuhema juu juu ni yule mkubwa.

Basi idadi ya samaki uliyoisoma kwenye maelezo ya watu wa pwani ipunguze. Tangi la futi sita kwa mbili kwa mbili, ambalo fundi wa vioo atalijenga kwa kioo cha milimita 12, lina lita 680. Ukitoa mawe na mchanga unabaki na lita 580 hivi. Humo mimi naweka wanne: samaki simba mmoja, mkunga wa madoa mmoja, kangaja mmoja wa Zebrasoma desjardinii, na kitatange mmoja mkubwa. Utaambiwa tangi linaonekana tupu. Liache tupu. Skima, kifaa cha kutoa uchafu majini kwa povu, iwe ya tangi la ukubwa mara mbili, na pampu ya hewa ya wati 5 ifungwe moja kwa moja kwenye betri ya sola ya 12V. Betri ya 50Ah ikitumika nusu tu inaiendesha kwa saa 60 hivi. Lisha asubuhi siku ambayo utakuwa nyumbani, si usiku.

Maji ya bomba yetu yanatoka ziwani na yametiwa klorini, kwa hiyo yapite kwenye RO, mashine ya kuchuja maji kwa utando, yenye chujio la mkaa kabla ya kutia chumvi. Chumvi iwe ya akwaria ya bahari. Ya jikoni haina magnesi wala kalsiamu ya kutosha, na pH haitasimama. Kujaza lita 580 kunataka kilo 21 au 22. Kubadilisha lita 90 kila wiki mbili kunataka kilo tatu na ushee. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haijaondoka, hivyo ongeza maji ya RO matupu. Hesabu hizo zifanye kabla ya kununua samaki, maana chumvi ya miezi sita inaweza kuzidi bei ya samaki wote.

Chakula ndicho kishawishi kikubwa cha hapa. Sokoni Mwaloni Kirumba dagaa wamejaa, bei nafuu, kwa nini usilishe dagaa? Kwa sababu samaki wa ziwani wana mafuta ya aina nyingine, hawana ya kutosha yale ambayo mla nyama wa bahari anayategemea. Mwindaji ananenepa, ini linajaa mafuta, anakufa akionekana mzima. Isitoshe, dagaa ni wa ukoo mkubwa wa samaki ambao wengi wao hubeba kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Watumie kwa wiki mbili za mwanzo kumzoesha samaki simba kula kwenye koleo, wakitikiswa kidogo waonekane hai, kisha hamia kwenye kamba, ngisi na kibua wa kugandishwa. Kipande kisizidi upana ulio kati ya macho yake. Mtu mzima mara tatu kwa wiki zinamtosha. Furu hai usimpe: licha ya mafuta, unamfundisha kwamba kila kinachocheza mbele yake kinaliwa, na anayeponea mdomoni anakufa na kuozea nyuma ya jiwe.

Waingize kwa mpangilio huu: samaki simba kwanza, mkunga, kangaja, kitatange mwishoni, taa zikiwa zimezimwa. Kila mmoja akae pembeni wiki nne kwenye tangi la uangalizi. Dawa za shaba, za kuua vimelea, zinamfaa kangaja, mkunga hazimfai, ngozi yake haina magamba.

Kila asubuhi tazama mapezi ya samaki simba dhidi ya mwanga. Pengo safi la nusu duara ni meno ya jirani. Ukingo mweupe unaochakaa polepole ni maji, pima amonia na ubadilishe lita 90 siku hiyo hiyo. Ikiwa ni meno, mhamishe aliyeng'ata. Ukilazimika kumhamisha samaki simba mwenyewe, weka wavu kando, miiba inanasa na kuvunjika. Mswage kwa kipande cha plastiki hadi aingie mwenyewe kwenye ndoo ya lita 10 iliyozamishwa. Na akikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 hivi, nusu saa hadi saa moja na nusu, huku mtu akikutafutia usafiri wa hospitali.