Kumbe figo nazo zina neva
Miezi mitatu sasa napunguza chumvi, na bado jana mashine ya presha ikaandika 152/96. Nikamwambia daktari, "Hii mbovu." Akacheka, akageuza karatasi ya dawa, akanichorea figo na nyuzi nyembamba zilizouzunguka mshipa wake kama mizizi. Neva hizo! Zikichachamaa, figo inarudisha sodiamu, ile ya kwenye chumvi, kwenye damu badala ya kuitoa kwa mkojo, maji yanaifuata, halafu inamwaga na renini, kemikali ambayo mwisho wake ni mishipa kubanwa na presha kupanda. Marekani iliidhinisha mwaka 2023 vifaa vya kuziunguza neva hizo kwa mawimbi ya redio au ya sauti. Mimi vidonge kwanza, jamani. Karatasi nimeibandika ukutani.