Mama wa Mambrui na Ushungi Wake Angani

Kabla sijapiga picha hata moja angani, nilikuwa mpiga picha wa harusi Malindi. Nimezunguka na kamera Shela, Barani, Maweni, hadi Mambrui na Gongoni, nikingoja bibi harusi atolewe ndani. Harusi zilinipa jicho na zikanipa subira. Nilichokuwa sina ni mwili wa kunifikisha picha ilipo, na kwa mpiga picha wa warukaji huo mwili ndio mtaji wenyewe. Mpiga picha wa chini akitaka kusogea hupiga hatua. Wa angani hana pa kukanyaga. Husogea kwa kukunja goti, kushusha bega, kunyoosha mguu mmoja kuliko mwenziwe, na yote hayo huku akiporomoka karibu kilomita 190 kwa saa. Mtu asiyejua kuruka, mpe kamera ya bei yoyote ile, atakuletea picha za mawingu.

Ndiyo maana hukatazwa haraka. Chama cha Parachuti cha Marekani, ambacho miongozo yake husomwa na warukaji wa nchi nyingi, kinashauri mtu asivae kamera mpaka awe amesharuka mara 200 angalau. Kwa kijana wa Malindi hiyo ni pesa ya kiwanja. Mimi nilizifikia kwa kukunja parachuti za wengine Diani, msimu baada ya msimu. Ukikunja parachuti za watu jua likiwaka, jioni unapewa nafasi ya kuruka kwa bei nafuu, na vidole vyako vinajifunza kila kamba inakokwenda. Elimu ile ya vidole ilinifaa baadaye kuliko nilivyotarajia.

Aliyenifundisha kamera alikuwa mtu mzima wa Mombasa, mwalimu wa tandemu, yaani ule mruko ambao mteja hufungwa kifuani kwa mwalimu na wote wawili hubebwa na parachuti moja. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Alinisimulia habari za Carl Boenish, mhandisi wa Marekani aliyeacha kazi yake akajitolea maisha kupiga filamu za warukaji, kamera ikiwa kichwani, mpaka akafa Norwei mwaka 1984 kwa kuruka kutoka jabalini. Alinisimulia pia kisa cha mwaka 1988 huko North Carolina. Mrukaji mzoefu alipanda ndege na vifaa vyake vya video, akatoka mlangoni akiwapiga picha wenzake, na hakuwa na parachuti mgongoni. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye kamera. Mwalimu hakukisema kisa hicho kwa kunitisha. Alikisema kisha akanitungia utaratibu: kwanza parachuti, kisha gusa vishikio vyote kimoja kimoja kwa mkono, kisha mwenzako akukague mgongoni, ndipo kofia ya kamera iguswe. Mpaka leo sivai kofia ile kabla mkono wangu haujagusa kishikio cha parachuti ya akiba.

Kofia yenyewe tuliitengeneza pamoja, barazani kwake. Juu tulifunga kamera ndogo ya video na kando yake kamera ya picha za kawaida. Mbele ya jicho la kulia kilikaa kioo kidogo chenye duara, cha kulengea, maana huwezi kuinua mkono ukaangalia kamera. Waya wa picha ulishuka shavuni hadi kwenye swichi ya mdomoni: unaiuma kwa meno, picha inapigwa. Nilipodhani tumemaliza, Mwalimu akaingia ndani akatoka na kipande cha kamba ya parachuti kuukuu. Akaishika ncha mbili kwa mikono miwili, akaiburuta taratibu juu ya kofia, mbele, nyuma, ubavuni, kila pembe. Ilinasa chini ya kitako cha kamera. Akanitazama bila neno. Tukaziba kwa utepe, akaburuta tena, ikanasa kwenye skrubu ya kioo. Tukaziba. Tuliendelea hivyo mpaka magharibi ikaadhiniwa, na kamba ikapita kila mahali bila kukwama. Kamba ikinasa kichwani parachuti inapofunguka, shingo ndiyo inayolipa. Kwa hiyo pia kuna kishikio kidogo kidevuni, ukikivuta kofia nzima inaondoka na kamera zake zote. Aliniambia, "Siku ikibidi, itupe. Kamera zinauzwa, mwanangu."

Mafunzo yaliyofuata sitayaeleza kirefu. Niliruka na suti ya mabawa bila kamera, ile yenye kitambaa kutoka mkononi hadi kiunoni kinachokuwezesha kuporomoka polepole ukitaka. Kisha nikaruka na kamera bila kitu cha kupiga. Kisha nikampiga Mwalimu mwenyewe. Mteja wa kweli, anayelipa, nilikuja kukabidhiwa nyumbani Malindi.

Ilikuwa Desemba, mvua za vuli zimekwisha na upepo wa kaskazi umeanza. Tulikuwa na ndege ndogo moja, Cessna 182, mlango wake umebadilishwa ufunguke kwenda juu chini ya bawa. Tulipanga kutua ufuoni, na kwa ufuo wa Malindi huwezi kupanga bila kuuliza bahari. Ilikuwa bamvua, maji yakikupwa yanaacha mchanga mpana na mgumu, yakijaa hakuna pa kuweka mguu. Miruko yote ilihesabiwa kwa kupwa kwa asubuhi.

Mteja alikuwa muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Mambrui. Wanawe walioko ughaibuni walimlipia. Nilimkuta amekaa mkekani chini ya mvinje, mkoba mapajani, ametulia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa picha?"

"Ndimi, Mama."

Akanivuta karibu. "Mimi kufa siogopi, ajali ni ya Mungu. Naogopa huu ushungi. Wanangu wataionyesha picha kwa watu. Usije ukaniacha kichwa wazi mbele ya ulimwengu."

Hakuna mafunzo yoyote niliyopata Diani yaliyogusa jambo hilo, na kwangu lilikuwa na uzito kuliko mwanga na kuliko duara la kioo. Picha ni yake. Nikampelekea mpwa wangu wa kike, aliyekuja kutazama ndege, wakaenda nyuma ya hema. Pini zote zilitolewa, kwa sababu pini ikichomoka kwenye upepo ule inaweza kumchoma Mwalimu aliye nyuma yake. Ushungi ukazungushwa mara mbili, ncha zikaingizwa ndani ya suti, zipu ikapandishwa hadi shingoni. Juu yake ikavalishwa ile kofia laini ya ngozi wanayovaa wateja, ukanda ukafungwa chini ya kidevu. Mpwa wangu akavuta kitambaa kwa nguvu mbele na nyuma, kama nilivyomwelekeza. Hakikusogea. Mama akajitazama kwenye kioo cha simu, akasema, "Haya, twende."

Mimi na Mwalimu tulizungumza mambo mawili tu. Asubuhi jua la Malindi linatoka baharini, na ndege kwa kaskazi ingetutoa tukielekea kaskazini mashariki. Uso wa Mama ungekuwa nusu kivulini. Tukakubaliana kwamba akishatupa ile parachuti ndogo inayopunguza kasi ya watu wawili, atageuka polepole kulia mpaka aelekee jua, nami nizunguke naye, nikiwa mbele yake, jua mgongoni kwangu. La pili alilirudia kila siku: usipite juu yetu, usipite chini yetu. Aliye juu atagongwa parachuti ikifunguka ghafla, na aliye chini huwaharibia upepo wao wakija kumwangukia.

Cessna ile haina haraka. Kupanda hadi futi 10,000 kulichukua karibu nusu saa, tukizunguka juu ya bahari na nchi kavu. Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke vikabaki kusini. Kaskazini, nje ya Ngomeni, zilionekana zile nguzo za Waitaliano zilizosimama majini, San Marco, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Mama alikuwa akiziangalia kupitia dirishani. Akasema alikuwa msichana wakati huo, na Mambrui watu walitoka nje kutazama moto ukipanda. Nikaiwasha video hapo hapo, maneno yake yakaingia.

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia. Nikagusa vishikio vyangu. Nikatoka, mguu kwenye kibao cha juu ya gurudumu, mikono kwenye nguzo ya bawa, nikajisogeza nje nikigeuka kuwaangalia. Rubani akapunguza moto. Mama alikuwa ukingoni, mikono imekamata kanda za kifuani, midomo inacheza: alikuwa akisoma dua. Mwalimu akayumba nje, akayumba ndani, nikaachilia sekunde ileile waliyotoka.

Mtu hasikii tumbo kuinuka, ni upepo tu unaozidi kuwa mgumu mpaka unaweza kuuegemea. Nikaona tumbo la ndege, kisha wao, kisha parachuti ndogo ikichomoka nyuma ya Mwalimu na kuwakaza mahali. Nikakunja magoti, nikasogea mpaka kama mita mbili. Uso wa Mama ukaingia kwenye duara. Nikauma swichi.

Mwalimu akamgonga bega mara mbili, ishara ya kufungua mikono. Hakufungua. Akamgonga tena. Vidole vyake vilikuwa vimezishika kanda barabara. Nilikuwa mbele ya macho yake, mtu pekee anayemwona, basi nikamtabasamia kwa meno yote na swichi ikiwa katikati, nikafungua vidole vyangu mbele yake kimoja kimoja, polepole. Akanitazama. Kisha akafungua vyake, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na uso wote ukafunguka pamoja navyo.

Tulikuwa tayari tunazunguka. Jua likampanda kidevuni, likafika machoni. Ushungi wake wa samawati ulionekana pembeni mwa kofia, umekaa vilevile ulivyofungwa. Ndipo akanyoosha mkono wa kushoto na kuonyesha kitu. Sikuweza kugeuka kutazama, lakini sikuhitaji: upande wa kulia wa duara langu, chini mno, Mto Sabaki ulikuwa ukimimina maji mekundu ya mvua baharini, ule wekundu ukitandaa kwenye buluu, na ng'ambo yake Mambrui. Nikashuka kidogo, nikanyoosha miguu nikapanda tena, mpaka mkono wake na mdomo wa mto vikakaa kwenye fremu moja. Nikauma mara nyingi.

Mporomoko wote, kutoka mlangoni hadi Mwalimu anapunga mikono kwenye futi 5,500, ishara kwamba anafungua parachuti, ni kama nusu dakika. Harusini nusu dakika haitoshi kupanga wazee kwenye viti. Akavuta, nao wakaonekana kama wamenyakuliwa juu, ingawa ni mimi niliyekuwa naendelea kuanguka, kichwa kikiwafuata mpaka parachuti yao ikajaa. Altimita ya sikioni, kile kipima kimo, ikalia. Nikageuka, nikalinganisha mabega, shingo wima, nikavuta. Ilifunguka taratibu.

Mpiga picha hutua kwanza, na kutua kwake si mwisho wa kazi. Nilirusha parachuti yangu mchangani nikakimbia upande wa upepo kumpokea. Akaja miguu juu, akakalia makalio kwenye mchanga mbichi, Mwalimu nyuma yake. Neno lake la kwanza kwa kamera lilikuwa "Alhamdulillahi," na la pili lilikuwa swali: "Ushungi?"

"Upo, Mama. Haujasogea."

Tukakaa chini ya mvinje na kompyuta. Mimi nilikuwa nimeshachagua picha yangu moyoni, ile ya vidole vinafunguka. Yeye alizipitia zote bila haraka, akaniambia nirudi nyuma, nirudi tena, akaweka kidole kwenye ile ya mkono na Sabaki. Alionyesha kwa ukucha mahali nyumba ya babake ilipokuwa. Akataka isafishwe kubwa, iwekwe kwenye fremu, na zile nyingine zitumwe kwa wanawe. Ile ya vidole akasema nibaki nayo mimi.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kufungua mfuko wa vifaa. Kulikuwa na mteja wa pili, kijana wa Watamu, na maji yalikuwa yamegeuka. Nikaibadilisha betri, nikapitisha ile kamba kuukuu juu ya kofia, nikaenda kukunja parachuti.