Asilimia 14

Machi 25, 2020, Rais wa Kenya alipotangaza kwenye televisheni kwamba VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, Ami aliiacha televisheni akanigeukia mimi.

"Hiyo programu yako itajua?"

Nilimjibu kwamba ni kazi ya dakika tano. Duka lake la vifaa vya ujenzi hapo Mombasa lilikuwa na mashine ya ETR kwa risiti rasmi, lakini ankara za mafundi zilitoka kwenye programu niliyoandika mwenyewe kwa Python, lugha niliyojifunza usiku kwa usiku. Basi nikafungua faili, nikatafuta kila 0.16, nikageuza kuwa 0.14, nikafunga.

Wiki ya pili ya Aprili akaja fundi mmoja na karatasi mbili, akazilaza kwenye kaunta ubavu kwa ubavu. Risiti ya ETR ilikata 14 kwa kila kitu. Ankara yangu ilikata 14 kwenye saruji na misumari, ila kwenye mabati ikakata 16. Ami hakusema neno. Alivua miwani tu, na wanaomjua wanajua hilo ni baya kuliko neno.

Kumbe mabati niliyaandika siku nyingine, kwa akili nyingine: bei mara 1.16. Usafiri nao niliuandika bei mara 16, gawanya kwa 100. Kompyuta ilitafuta nilichoiambia itafute, basi. Nilipopitia faili mstari kwa mstari nilikuta hesabu ya kodi mahali kumi na moja, kwa mitindo mitatu.

Kafyu ya korona ilianza saa moja usiku, kwa hiyo muda wa kukaa ndani haukukosekana. Nikaamua hesabu ile iandikwe mara moja tu, ipewe jina, na kila anayeihitaji aiite kwa jina lake, kitu kinachoitwa fanksheni:

def kodi(bei, kiwango=0.14):
    print(bei * kiwango)

(Jina hilo lilinichekesha: kwetu kodi ni ya serikali, ni ya nyumba, na vijana wa kompyuta wameongeza ya tatu, ile "code" wanayoandika.) Nikaiita kwa bidhaa ya 1,000. Skrini ikaonyesha 140.0, sawasawa. Nikaiingiza kwenye ankara, bei jumlisha kodi(bei), programu ikaanguka ikilalamika kuhusu NoneType, yaani imepewa kitu kisicho na chochote. Nikahangaika hadi karibu saa nane usiku. Jibu liko mbele ya macho yangu, mbona haijumlishi?

Ni kama mtoto uliyemtuma dukani. Anasimama barabarani anapiga kelele "Chenji ni mia na arobaini!" mtaa mzima unasikia, kisha anaingia ndani mikono mitupu. print ndiyo ile kelele. Kinachokuletea chenji mkononi ni return. Nilibadilisha neno hilo moja, nikafuta zile hesabu kumi na moja, nikalala.

Januari 1, 2021 VAT ikarudi 16. Safari hii nilibadilisha tarakimu moja mahali pamoja, tena mbele ya Ami, nikimwonyesha kwa kidole. Nilijiona fundi.

Siku ya nne akaingia mteja na pampu ya maji aliyoinunua Desemba, haivuti. Bei yake kabla ya kodi ilikuwa 10,000, naye alilipa 11,400. Nikabonyeza kitufe cha kurejesha, karatasi ikatoka imeandikwa 11,600. Fanksheni yangu haikuuliza bidhaa iliuzwa lini. Ilijua kiwango cha leo tu, na leo ilikuwa Januari.

Jioni ile niliiandika upya: kodi(bei, tarehe), nayo ndani yake ndiyo itazame tarehe na kuchagua kiwango. Ile thamani ya kiwango iliyokuwa imejazwa tayari niliiondoa kwa makusudi. Atakayesahau kutaja tarehe, programu imkatalie, afadhali hivyo kuliko impe jibu la uongo kwa ukarimu.

Mteja wa pampu lakini alishaondoka na 11,600 zake, maana karatasi ilikuwa mkononi mwake na hakuwa tayari kuirudisha. Zile mia mbili Ami alizikata kwenye mshahara wangu.