Baridi ya Kabale na gari lisilo na umeme
Jamani, baridi ya Kabale, Uganda, mwezi wa 7 si ya kuchezea! Tulipaki gari letu la kulala kando ya Ziwa Bunyonyi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku taa zikafifia, friji kimya, pampu ya maji haivuti. Watoto walilala na masweta mawili mawili, nikawahurumia sana.

Asubuhi fundi waya akapima betri injini ikiwa inaunguruma: volti 12.1, wakati altaneta nzima (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) hutoa kama 14. Akaifungua altaneta. Kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake, zimelika, zimebaki kama punje za mahindi! Akabadilisha, akasugua waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, ulioota kutu ya kijani. Kijana mwaminifu kweli, angeweza kabisa kutuuzia betri mpya. Mungu ambariki. Sasa tunateremka Mbarara.