Mjane wa Luka 18 alikuwa na sentensi moja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tukisoma Luka 18 tunamkumbuka yule mjane kwa kung'ang'ana kwake, tunasahau jinsi ombi lake lilivyokuwa fupi: "Nipatie haki na adui wangu." Basi. Alichozidisha ni safari za kwenda kwa kadhi, yaani hakimu dhalimu wa mji wake, si maneno. Yesu huyo huyo anatukataza kupayuka-payuka katika Mathayo 6:7, lakini Gethsemane akaomba mara tatu kwa maneno yale yale. Kurudia ombi si kukosa imani. Wala Mungu hafanani na kadhi yule. Ikiwa dhalimu alisikia, sembuse Baba?

Kwa hiyo anza kwa kuandika maombi yako. Daftari dogo la shule linatosha. Lipige mistari upate safu nne: tarehe, ombi, andiko unalolisimamia, na kilichotokea. Ombi liwe sentensi moja ambayo ikijibiwa utajua. "Bwana, ibariki familia yangu" ni ombi jema, lakini baada ya miezi sita utatambuaje jibu? Andika, "Bwana, wapatanishe baba na kaka, wasalimiane tena." Maombi matano yanatosha. Yakifika ishirini utakuwa unasoma orodha tu.

Safu ya andiko ina sababu yake. Nabii Eliya hakuinama juu ya mlima Karmeli kubahatisha mvua. Katika 1 Wafalme 18:1 Mungu alikuwa ameshamwambia ataileta. Ndipo akaomba, na kila mara akamtuma mtumishi akatazame upande wa bahari. Mara sita hakuna kitu. Mara ya saba, kawingu kama mkono wa mtu. Huko kutazama ndiko safu ya nne. Wengi huiacha tupu, na asiyeandika kawingu huchoka akidhani mbingu zimekaa kimya.

Muda: dakika 15 alfajiri, kabla ya kushika simu. Weka saa ile ile, pahali pale pale. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu. Ukikosa siku moja, usilipize kwa saa mbili kesho yake, maana deni la namna hiyo ndilo huwafanya watu waache kabisa. Endelea na dakika zako 15. Mkesha wa Ijumaa ni mzuri mno, ila hauzibi pengo la siku sita. Kufunga pia kuwe kwa kipimo: anza na mlo mmoja kwa wiki, maji unywe. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au mimba aongee kwanza na daktari.

Halafu kuna jibu ambalo hatukulitaka. Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu "mwiba" wake, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Biblia haitaji mara ya nne. Jibu la namna hiyo nalo liandikwe katika safu ya nne, pamoja na tarehe yake.