Viatu vya chuma: uzoefu wangu na mtoto wa nyayo za kifundo

Mzazi akiambiwa mtoto wake ana nyayo za kifundo, yaani amezaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, maswali yake yote huwa ya plasta (hogo, wanavyosema wengi): zitafungwa ngapi, zinauma, zinatoka lini. Plasta huchukua kama miezi miwili hivi, na anayezifunga ni mtaalamu. Viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma vinavyofuata ni kazi ya miaka 4, na mtaalamu wake ni wewe uliye nyumbani. Kwa hiyo plasta nitazipitia haraka, viatu nitakaa navyo.

Njia inayotumika karibu kila mahali sasa, kuanzia hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hadi ya CoRSU kule Kisubi, Uganda, ni ya Dk. Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Kila wiki unyayo unakandwa taratibu kuelekea nje, kisha mguu unafungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Watoto wengi humaliza kwa plasta 4 hadi 7. Ukiona anafungwa chini ya goti tu, uliza sababu: mguu wa mtoto mchanga ni mnene na mfupi, plasta ya hivyo huchomoka, na haiwezi kuuzuia unyayo usigeukie ndani. Mwishoni wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi. Kano hiyo inajiunga yenyewe ndani ya plasta ya mwisho, inayokaa wiki 3.

Siku za plasta kazi yako ni kutazama vidole. Kila ukibadilisha nepi, bonyeza ukucha wa kidole gumba: unapauka, ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde 2 au 3. Vidole vikiwa vya baridi, vimevimba au rangi hairudi, plasta iloweshwe na kutolewa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Fanya hivyo pia vidole vikizama. Kama jana vilionekana vyote na leo unaona ncha tu, plasta imeteleza, na plasta iliyoteleza inaukunja unyayo katikati na kuuacha mgumu kuliko mwanzo. Siku ya kawaida ya kliniki, ilowanishe asubuhi hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo. Ukiitoa jioni ya jana yake, mguu unakaa huru usiku kucha na unarudi nyuma.

Basi, plasta ya mwisho ikitoka mguu umenyooka kiasi kwamba bibi na mashangazi watasema mtoto amepona, viatu vya nini tena. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Nyama na kano zilizouvuta unyayo ndani bado zipo, na mtoto anakua kwa kasi. Kundi la madaktari wa Iowa liliripoti kuwa kwa familia zinazovalisha viatu kama ilivyoagizwa, mguu ulirudi kugeukia ndani kwa watoto 6 tu kati ya 100. Kwa zisizovalisha, zaidi ya 80. Kumchua kwa mafuta hakuchukui nafasi ya viatu. Bibi akitaka kumchua mjukuu wake amchue, mradi viatu vinarudi mguuni na ngozi imefutwa mafuta.

Viatu vingi vinavyotolewa huku kwetu ni vya muundo wa Steenbeek, ulioanzia Uganda: buti ndogo za ngozi zilizo wazi vidoleni, zenye tundu kisiginoni, zimeunganishwa kwa chuma cha kawaida. Fundi viatu na mchomeleaji wanaweza kuvitengeneza bila kuagiza kitu nje. Hata mtoto mwenye tatizo mguu mmoja anavaa vyote viwili, kwa sababu mguu usio na tatizo ndio unaoushikilia mwenzake kupitia chuma.

Kabla ya kuondoka kliniki vikague mwenyewe, usione haya. Mguu wenye tatizo uelekee nje nyuzi 60 hadi 70, mzima 30 hadi 40. Huna kipimo? Kunja kona ya karatasi katikati upate nyuzi 45: wenye tatizo lazima uuvuke mkunjo huo kwa mbali, mzima ubaki ndani yake. Umbali kati ya visigino viwili uwe sawa na upana wa mabega ya mtoto, na unapimika kwa kamba ya kiatu. Chuma kifupi kuliko mabega kinamkosesha raha, na lawama zote zinaishia kwa mtoto kwamba ni mlizi. Tena chuma kiwe kimepindwa kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili vidole viinuke juu.

Kuvalisha kuna utaratibu wake. Soksi iwe ya pamba, ndefu kupita ukingo wa kiatu, isiyo na mshono mnene. Siku za mwanzo mimi nilikata soksi mbele ili nione kama kuna kidole kimejikunja chini. Kunja goti kwanza, kwa sababu goti likinyooka msuli wa nyuma unakaza na kisigino hakishuki. Sukuma kisigino chini na nyuma hadi kigote, shikilia hapo kwa kidole gumba juu ya kifundo, kisha kaza mkanda wa katikati kabla ya kugusa kamba. Hapo shika muundi, vuta juu na chini. Vidole vikienda mbele na nyuma, kisigino hakijakaa, rudia. Chungulia kwenye tundu la nyuma pia. Kliniki ikikufungia vizuri mara ya kwanza, chora mstari wa kalamu juu ya soli pale vidole vinapoishia, na kila siku vidole vifike hapo. Tundu la mkanda usiliwekee alama, kwa sababu ngozi inanyumbuka na baada ya wiki chache alama inakudanganya. Mtoto anayerusha mateke aanzwe mguu ulio mwepesi, maana ule wa pili atauingiza mwenyewe kwa kupiga teke. Aliyetulia aanzwe mguu mgumu.

Siku mbili za mwanzo atalia. Si maumivu, ni ugeni: miguu haichezi tena kila mmoja kivyake. Shika chuma katikati, sukuma na kuvuta taratibu ili magoti yakunjike na kunyooka kwa pamoja. Akishajua mchezo huo kilio kinapungua. Akiendelea kulia kwa nguvu baada ya hapo, fungua utazame ngozi. Wekundu hafifu ni kawaida. Wekundu mkali au lengelenge nyuma ya kisigino, mara nyingi maana yake kiatu kimelegea na kisigino kinapanda na kushuka. Mzazi akiona lengelenge moyo unamwambia alegeze, naye akilegeza anaongeza msuguano na lengelenge linakuwa kidonda. Kaza mkanda, badilisha soksi, na usipake vaselini wala losheni, kwa sababu ngozi iliyolainika inachubuka upesi. Kidonda kikishafunguka, mpeleke kliniki.

Ratiba: miezi 3 ya kwanza ni saa 23 kwa siku, na saa 1 iliyobaki ni ya kuoga na kunyoosha miguu. Baadaye ni usiku na usingizi wa mchana, jumla saa 12 hadi 14, hadi afikishe miaka 4; kliniki nyingine husema 5. Kutembea hakumpiti, maana umri wa kusimama unamkuta tayari yuko huru mchana.

Mbeleko na chuma haviendi pamoja. Akikaa mgongoni na miguu huku na huku, chuma hakina pa kupita. Mpakate kifuani, miguu yote upande mmoja, na mbeleko iwekee ile saa 1 ya uhuru. Chuma kizungushie kitambaa kinene, kwa ajili ya magoti ya abiria wenzako kwenye daladala, na kwa ajili ya chandarua pia, kwani ncha za chuma huchana neti. Ichomeke mbali na miguu. Joto la Pwani linalowesha soksi, kwa hiyo ziwe jozi nyingi na zibadilishwe zikilowa. Buti hazifuliwi. Ngozi ikiloa inakakamaa, na ikikaushwa juani inapasuka. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini.

Anayebaki na mtoto mchana, awe dada wa kazi au bibi, avalishe mbele yako hadi umridhie. Na akisafiri kwenda kijijini, viatu ndivyo vya kwanza kuingia kwenye begi. Sikukuu ni msimu mbaya kwa watoto hawa: mgeni anamhurumia, anamvua, na wiki mbili zinapita. Kiatu ambacho juzi kiliingia vizuri kikianza kugoma, mguu umeanza kurudi. Usilazimishe, nenda kliniki. Vidole vikianza kuning'inia nje ya soli, ni zamu ya namba kubwa. Mwaka wa kwanza hilo hutokea mara kwa mara, na chuma nacho kinaongezwa kadiri mabega yanavyopanuka.

Mtoto wa miaka miwili atajifunza kufungua kamba. Anza kukaza kutoka juu, umalizie kwa fundo la mara mbili upande wa vidoleni, au umvalishe soksi kubwa juu ya kiatu. Viatu vivaliwe kila akipanda kitandani, bila kumuuliza kama anataka; ukimbembeleza usiku mmoja, kesho anataka kubembelezwa tena.

Akishatembea, mtazame kutoka nyuma akiwa pekupeku. Kisigino kinachochelewa kugusa chini, vidole vinavyoelekea ndani, au unyayo unaokanyaga kwa ukingo wa nje ni dalili za kurudi. Ukiwahi, plasta 2 au 3 hutosha kuunyoosha tena, kisha viatu vinaanza upya. Ukingo wa nje ukiendelea kukanyagwa mtoto akiwa amepita miaka miwili na nusu, madaktari huweza kuhamisha kano moja ya mbele ya mguu kuipeleka upande wa nje. Hiyo ni operesheni ya kulazwa, na baada yake kuna plasta nyingine ya wiki kadhaa.