Istanbul, pamoja na wenzangu

Rafiki yangu mhandisi leo aligoma kuondoka Ayasofya, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti. Siku hizi watalii hupandishwa roshani ya juu, chini pameachiwa wanaoswali, na yeye aliegemea ukingo wa roshani akalikodolea macho lile kuba kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kumfikia.

"Juu ni duara, chini ni mraba," akatunong'oneza. "Mnaziona zile pembe nne zilizopinda? Ndizo zinazobeba mzigo wote."

Jengo lote lilisimamishwa kwa miaka 5 tu, kuanzia 532 hadi 537, enzi za Justinian, mfalme wa Kirumi wa Mashariki. Mwaka 558 kuba likaporomoka baada ya matetemeko ya ardhi. Walipolijenga upya waliliinua zaidi, ili uzito ushuke chini badala ya kuzisukuma kuta kwa nje. Kitakoni mwake kuna madirisha 40, na jua likipenya pale, huoni kabisa kuba limeshikiliwa na nini. Mwenzangu alinieleza hayo huku macho yamemlenga machozi. Tulisoma pamoja, nikamwona akipambana na hesabu hadi usiku wa manane, lakini sikuwahi kumwona hivi.

Mwenzetu wa tatu ni muuguzi, na kuba halikumshughulisha sana. Yeye alisimama mbele ya picha kubwa ya ukutani, ya vijiwe vidogovidogo: Yesu katikati, Maria upande mmoja, Yohana Mbatizaji upande wa pili. Sehemu kubwa ya chini imebanduka, nyuso ndizo zilizosalia. Alimtazama Yohana kwa muda mrefu, yale macho yaliyolegea na paji lililokunjamana.

"Uso huu naujua," akasema. "Huwa nauona kwenye korido saa tisa usiku, kwa ndugu wa wagonjwa."

Nisingeuona mwenyewe. Ningepiga picha nikapita.

Kutoka pale ni mwendo mfupi hadi Yerebatan, birika la maji la chini ya ardhi lililojengwa enzi hizohizo za Justinian. Nguzo 336 zimepangwa kwenye giza lenye taa hafifu, matone yanadondoka, na sauti za watu zinashuka zenyewe. Kule mwisho kuna vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, vilivyowekwa chini ya nguzo, kimoja kimelala ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Wengi huamini kwamba mafundi walitaka tu kitu cha kuziongezea nguzo kimo, wakachukua mawe ya majengo ya zamani. Mhandisi alikubaliana na maelezo hayo papo hapo.

Mchana tulikula simit, mkate wa duara uliopakwa ufuta, tukitembea kwenye daraja la Galata katikati ya wavuvi waliojipanga na ndoano zao. Kisha tukapanda feri ya kwenda Kadıköy. Napenda kwamba katika mji huu mtu anatoka Ulaya kwenda Asia kwa feri ya kawaida, pamoja na watu wanaotoka kazini na mifuko yao ya mboga. Shakwe walitufuata hadi katikati ya mkondo. Kinywaji ni chai ya rangi, kwenye vibilauri vyembamba kiunoni, ya moto kiasi kwamba unashika kibilauri ukingoni kwa ncha za vidole.

Tulikula chakula cha jioni kwenye vichochoro vya soko la Kadıköy. Vilianza kuja visahani vidogo: biringanya la kuchoma lililopondwa, mtindi mzito wenye nanaa na kitunguu saumu, maharage yaliyopoa kwenye mafuta ya zeituni. Baadaye wakaleta hamsi, visamaki jamii ya dagaa, vimekaangwa vikakauka, unakula na mifupa yake. Chakula cha aina hii hakina haraka. Unamega mkate, unachovya, unazungumza, unamega tena.

Na hapo ndipo muuguzi wetu alipoanza kumzungumzia mama yake. Mama alifariki wakati sisi wawili tuko mbali, na kila tulipompigia simu muuguzi alituambia, "Niko sawa, jamani, namshukuru Mungu." Leo ametusimulia wiki ile ya mwisho yote, tangu mwanzo: jinsi mama alivyokataa uji wa mtu mwingine isipokuwa wake, jinsi yeye, aliyewahudumia wagonjwa wengi, alivyosahau namna ya kupima mapigo ya moyo. Mhandisi akamshika mkono juu ya meza na hakuuachia. Mhudumu alikuja, akaona, akarudi na chai tatu ambazo hatukuwa tumeziagiza. Nimemshukuru sana moyoni. Baada ya muda yule mwenzetu akajifuta uso, akauliza kama hamsi imebaki. Ilikuwa imebaki. Akala.

Kwenye feri ya kurudi mhandisi alishapanga ya kesho: msikiti wa Süleymaniye, kazi ya Mimar Sinan, msanifu majengo mkuu wa masultani wa Kiosmani, iliyokamilika 1557, maana anataka kulinganisha kuba na kuba. Muuguzi anataka kulala mpaka achoke. Nimewaambia tutatoka saa nne asubuhi, sote watatu, na kwamba safari hii mimi ndiye nitakayekaa kando ya muuguzi.